Herufi ya Tatu Ukutani

Harufu ya samadi mbichi ya ng'ombe iliyochanganywa na udongo hunikasirisha mpaka leo, hata kabla sijakumbuka ninakasirikia nini. Wenzangu wakiisikia hujidai wamekumbuka kwao, wakavuta pumzi na kutabasamu. Mimi nakumbuka mgongo ukiniuma. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, niko darasa la sita, tunaishi upande wa Mutomo. Mvua ilikuwa imetukwepa misimu miwili mfululizo, na mama, kati ya nyakati zote alizopewa na Mungu, akaamua huo ndio wakati wa kupamba kuta za ndani.

Sababu ilikuwa dada yangu Syombua. Wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kutoka Makindu kuleta mbuzi wa ntheo, wale ambao kwetu wakishapokewa, basi binti amepata kwao kwingine. Baba mkwe alikuwa amefanya kazi ya reli maisha yake yote, na mama alijiambia kwamba watu wa reli wamezoea nyumba za mawe na wangetukagua mpaka nyuma ya mlango. Kwa hiyo maji niliyoyachota kwenye mashimo ya mchanga mtoni, mitungi minne juu ya punda mkaidi, asubuhi nzima kwenda na kurudi, hayakuwa ya kunywa wala ya kupika. Yalikuwa ya ukuta. Sisi tulinawa uso kwa kikombe kimoja huku ukuta ukinyweshwa ndoo nzima. Nikilalamika, mama alinijibu kwamba ukuta hauna miguu ya kwenda mtoni.

Na si kwamba alipaka mara moja akaridhika. Kwanza udongo mwekundu wa kuziba nyufa. Juu yake udongo laini wa kichuguu, uliochekechwa kama unga wa uji, ukakandwa na samadi na majivu. Akausugua kwa kiganja, kisha kwa jiwe la mtoni, akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akabandua upande mzima kwa sababu ya alama ya kidole ambayo ni yeye tu aliyeiona. Chini alipaka mkanda mweusi wa unga wa betri kuukuu za redio, na juu udongo mweupe ambao niliubeba kwa gunia kutoka kilima cha mbali. Nilimchukia yule mzee wa reli kabla sijamwona.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Mama hakuwahi kwenda shule, lakini mwaka huo alikuwa akihudhuria gumbaru, darasa la watu wazima pale kanisani, na alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuunganisha herufi. Kwa mzee wa kanisa alikuwa ameona kitambaa cha kochi kilichoshonwa maneno ya kuwakaribisha wageni. Yeye akataka yake yawe ya udongo. Akaviringisha vijiti vyekundu vya udongo mikononi, akavibandika kimoja kimoja juu ya ukuta ukiwa bado mbichi, ulimi nje, jioni nzima. Alipomaliza alituita sote. Sijawahi kumwona amesimama wima vile. Ukutani, juu ya mahali watakapoketi wageni, palisomeka: KALIBU.

Mkamba yeyote anajua kisa hiki. Ulimi wetu haukuzaliwa na R. Mimi nilikuwa nimechapwa viganja muhula mzima kwa ajili ya herufi hiyo, na sasa inanicheka nyumbani kwetu, tena kwa maandishi makubwa.

"Mama, ni R. Si L."

"Nimesema kalibu tangu nizaliwe," akasema, "na watu wameingia."

Siku mbili baadaye, siku moja kabla ya wageni kufika, mama alikwenda sokoni. Nikapanda kwenye kigoda, nikaikwangua ile L, nikabandika R yangu. Ilikuwa nzuri, nakiri. Lakini ukuta ulikuwa umekwisha kukauka, na mtu mwenye akili angeuchanachana kwanza kwa kisu na kuulowesha ili udongo mpya ushike. Nani angepoteza maji tena? Sikuulowesha. Mama aliporudi aliitazama, akapitisha kiganja juu yake polepole. "Haya, mwalimu," akasema, akaenda kupika.

Wageni walifika, mbuzi wakapokewa, sala ikasaliwa, chai ikamiminwa. Katikati ya maneno ya baba, R yangu ikabanduka nzima na kuanguka begani mwa mzee wa reli. Akajipangusa, akageuka, akasoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma ubao wa stesheni: "Ka... ibu. Kaibu? Ama ni kaaibu kadogo?" Alikuwa mcheshi tu, maskini, hakuwa na ubaya. Nyumba nzima ikacheka. Baba naye akacheka. Mimi nilikuwa nimeshika birika.

Mama ndiye aliyesema. "Mtusamehe, wakwe. Ni mimi niliyeandika. Sikusoma."

Hakunitazama hata mara moja. Na mimi, msomi wa darasa la sita, mwenye R iliyonyooka, niliendelea kumimina chai. Syombua aliolewa vizuri tu. Jumatatu iliyofuata mama hakwenda gumbaru, wala Jumatatu nyingine yoyote. Aliendelea kuzipaka kuta zile kwa miaka mingi, maua na mistari tu.

Leo nafundisha Kiswahili. Nyumba yangu ina kuta za saruji zilizopakwa na fundi ambaye jina lake silijui, na maji nafungulia bombani bila kufikiri. Mchana kutwa nasahihisha L za watoto wa watu kwa kalamu nyekundu, na kila nikizungushia moja duara najiudhi upya. Mwezi uliopita nilimpeleka mama ofisi ya chifu kujaza fomu ya tangi la maji. Karani, kijana mwenye adabu, alimpa kalamu aweke sahihi. Mama akairudisha mezani, akaomba wino wa kidole.

"Mama anajua kuandika," nilimwambia karani, kwa sauti kali kuliko nilivyokusudia.

"Anayejua ni huyu," mama akasema, akinionyesha kwa kidevu, na akabonyeza dole gumba kwenye karatasi.