Jiwe Lililooshwa kwa Sabuni

Mama mkwe wangu ni msafi kupita kiasi. Nasema hivyo kwa mapenzi, na pia kwa sababu hana muda wa kusoma vitabu, kwa hiyo naweza kusema ninavyotaka. Akikaa kwako dakika kumi, sufuria zako zinang'aa na wewe mwenyewe unaanza kunusa nguo zako. Alikulia ng'ambo, Kivu ya Kusini, akarudi Rwanda akiwa na watoto tayari, na leo analima mahindi na mihogo mlimani Nzahaha. Mimi ni mtoto wa Bukavu, Kivu hiyohiyo. Lugha yetu moja, kanisa letu moja, ungedhani tungeelewana siku ya kwanza.

Lakini miaka mitatu ya ndoa alinipokea kama mgeni. Akiniona natokeza njiani, anatandika mkeka mpya, anatoa sahani yenye maua, ananinyang'anya kisu nikitaka kumenya ndizi. Wake wa wadogo wa mume wangu anawatuma maji na kuwagombeza kwa maharage yaliyoungua. Mimi ananiuliza kama nimesafiri salama. Watu waliniambia nina bahati. Bahati gani? Ile ilikuwa njia ya adabu ya kuniacha nje, na iliniuma. Nilitamani anigombeze hata mara moja.

Kazi yangu nayo haikunisaidia. Nachonga sumaku katika karakana ndogo ya Kamembe. Si zile nyeusi za nyuma ya spika, bali sumaku za madini adimu, ambazo mbili zikikubana kidole unakumbuka dhambi zako zote. Patron wetu, yaani mwenye karakana, mzee aliyetengeneza redio Bukavu maisha yake yote, huagiza mawe yake kutoka nje yakiwa bado hayajatiwa nguvu. Tunayaita mabubu. Tunayakata kwa disiki ya almasi huku maji yakimwagika juu yake, maana vumbi lake likikauka linashika moto. Tunayasaga mpaka yapate umbo alilotaka mteja, tunayapaka vanishi yasioze kwa kutu, ndipo tunayaingiza katika koili nene ya shaba. Umeme unapita mara moja, paa! Bubu anaamka sumaku.

Mama mkwe alipoelezwa haya yote alitikisa kichwa kwa upole na kumuuliza mume wangu kama nilisoma ualimu, kwa kuwa ualimu ni kazi nzuri.

Kisha mashine ya kusaga ya kilimani kwao ikafa. Iliendeshwa na dinamo ndogo iliyowekwa kijitoni, na sumaku kumi na mbili za ndani ya dinamo zilikuwa zimeingiliwa na maji zikamung'unyika kama biskuti. Dinamo yenyewe ilikuwa ya kizamani, vipuri vyake havipatikani popote. Sumaku zile zilikuwa zimepinda kama vigae vya paa, ila ndogo za kutosha kiganjani. Kamati ya mashine ilizunguka kote, mwisho ikafika kwetu. Mama mkwe, ambaye wakati huo alikuwa anabeba mahindi kichwani mwendo wa saa mbili kwenda kusagisha, akasikia kwamba vigae vile vitachongwa na nani. Alituma salamu tu kwamba anakuja kunisalimia.

Nilijua anakuja kuhakikisha.

Patron alikuwa na mawe matatu tu yaliyofaa, na mengine yangechukua miezi kufika. Kila jiwe lilitoa vigae vinne. Mawili nilishayakata, yakatoka safi. Lilibaki la tatu. Sasa, jiwe la namna hii lina upande wake. Kule lilikotengenezwa lilishindiliwa likiwa ungaunga, na chembe zake zote zikalazwa kuelekea njia moja. Njia hiyo haionekani kwa macho, lakini ukikata jiwe kinyume chake, hata ulitie umeme wa Rwanda nzima, sumaku inatoka dhaifu. Ndiyo maana linakuja na mshale umechorwa. Mshale wa kiwandani ulikuwa umefifia, na patron aliniambia niukwangue upya kwa msumari. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kununua sambaza, wale dagaa wa ziwani, za kumpikia mama mkwe. Nikachora kwa chaki. Mshale mzuri, wa mwalimu kweli.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo mtaa mzima hutoka asubuhi kufanya kazi ya pamoja. Pale mtaani kwetu, Gihundwe, tulifyeka majani na kuzibua mfereji. Mama mkwe, mgeni, aliombwa akae kivulini. Alifyeka kuliko wanaume wawili. Umuganda ulipokwisha nikaenda naye karakana, nimwoneshe jiwe kabla ya kulikata. Patron alitukaribisha, nikatoka nyuma kuchota maji ya mashine.

Niliporudi, meza ilikuwa inang'aa. Koleo zilikuwa zimepangwa kwa urefu. Na mama mkwe wangu alikuwa amesimama na kitambaa na sabuni, analikausha lile jiwe kwa uangalifu, upande kwa upande, pande zote sita sawasawa. Patron alikuwa mlangoni anaongea na simu, amempa mgongo.

Hapo nikasahau malezi yangu yote.

"Maman! Umefanya nini? Umefuta mushale! Ule njo ulikuwa unaonyesha njia ya kukata! Hatuna ingine!"

Mkwe hapigiwi kelele. Kwetu hapigiwi, kwao ndiyo kabisa. Patron alikata simu. Nilisikia maneno yangu yakizunguka chumbani na nikatamani yaniingie tena mdomoni. Mama mkwe aliweka kitambaa chini, akashika kiuno. Nikangoja zile sauti zake za upole, aniombe radhi kama mtu anayemwomba radhi mke wa mkuu wa wilaya, aondoke na basi la mchana, asirudi tena.

"Muntu ya akili," akasema, na sauti ilipanda mpaka barabarani, "muntu ya akili anaandikaka kintu ya maana na chaki? Chaki! Hata batoto ya école bako najua chaki inafutikaka! Na ile meza, ni meza ao ni zizi ya mbuzi?"

Patron akatazama dari. "Nilimuambia msumari," akasema taratibu, yule msaliti.

"Alikuambia msumari!" mama mkwe akarudia, kana kwamba sikusikia.

Nilikuwa na hasira, nilikuwa na hofu, na kibaya zaidi, alikuwa na haki. Tukabaki tunatazama jiwe. Pande zake zilikuwa sawa zote, kama kipande cha sabuni aliyokuwa ameshika. Njia tatu zinawezekana, ya urefu, ya upana au ya kimo, na ya kweli ni moja. Nikikosea, kilima kizima kitabeba mahindi kichwani miezi mingine, na kitajua jina la aliyesababisha.

Kilichonisaidia ni ubishi tu. Sikutaka ashinde mbele ya patron. Nikakumbuka kwamba vipande vidogo vinavyobaki baada ya kukata, nikivisukuma karibu na sumaku ya majaribio, havikai ovyo. Vinageuka kwanza, vyote namna moja, ingawa ni mabubu. Nikamwomba patron uzi wa nailoni. Nikalifunga jiwe, nikatafuta mahali pa kulitundika.

"Leta," akasema mama mkwe. "Wewe kamata sumaku yako."

Akashika uzi, akanyoosha mkono wake ule uliofyeka asubuhi yote, ukatulia kabisa. Mimi nikasogeza ile sumaku ya majaribio polepole, nikaisimamisha mbali kidogo, jiwe lisije likairukia. Jiwe likazunguka nusu, likarudi, likasitasita, likatulia upande mmoja ukinitazama. Nikaondoa sumaku, nikalizungusha, nikasogeza tena. Upande uleule.

"Yewe!" akasema mama mkwe kwa sauti ndogo. "Jiwe iko najua kwabo."

Tulilifunga uzi upya, kwa upande mwingine, tukajaribu. Kisha tena. Mimi na patron tuliridhika baada ya mara nne. Yeye hakuridhika. Alitaka mara kumi, na alihesabu kwa sauti. Ya kumi ilipotoa jibu lilelile alichukua msumari mwenyewe, akakwangua mshale mrefu wenye kina ambao ungeonekana hata na kipofu, akanirudishia jiwe.

"Kata sasa. Na usikimbie-kimbie."

Nilikata huku amesimama nyuma ya bega langu akinikosoa kazi ambayo hakuijua saa moja iliyopita. Maji kidogo. Polepole. Unaenda upande. Vigae vinne vikatoka. Jumatatu tulivipaka vanishi, na vilipokauka tukavitia nguvu. Vilinata kama vile vinane vya kwanza, bila tofauti. Usiku wa ile Jumamosi sikulala vizuri, nikijiambia kwamba nimempigia kelele mama wa mume wangu na jambo hilo halitaisha. Alipoondoka alinibusu mashavu mara tatu kama kawaida na sikuweza kusoma uso wake.

Wiki mbili baadaye mafundi walifunga dinamo, na tukaalikwa Nzahaha siku ya kuwasha, mimi, patron na wenzangu wa karakana, kila mmoja na mahindi yake. Mashine ilikohoa, ikanguruma, unga wa kwanza ukatoka mweupe na wa moto. Wanawake walipiga vigelegele. Mke wa mchungaji akanishika mkono, akanivuta mpaka mbele ya mstari mrefu wa beseni za mahindi, akitangaza kwamba aliyechonga sumaku asage wa kwanza, ni mgeni wa heshima. Watu wakapisha. Nikaanza kuinua beseni langu.

Mama mkwe akatokea katikati yao, unga mpaka kwenye nyusi.

"Mugeni gani?" akasema. "Bageni ni patron na bale bantu ya Kamembe, bao basage kwanza. Huyu ni wa mu nyumba. Arudi nyuma, angoje." Akanigeukia. "Na wewe, ile mahindi umepepeta ao umebeba na makapi yake?"

Sikuwa nimepepeta. Nikabeba beseni langu mpaka mwisho kabisa wa mstari, juani, nyuma ya wake wa wadogo wa mume wangu, ambao walikuwa wanacheka. Nililia kidogo, nikajifuta kwa kitenge. Kisha nikaanza kulalamika pamoja nao kwamba mstari hausogei.