Tulimpeleka mama Misri kwa sababu tuliogopa kumpeleka Olenguruone

Salamu wakuu wote, na niaje kwa watu wangu wa Nax, Nakuru yetu.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo naumaliza. Hizi si stori za jaba, za kutungwa, ni mambo ya mama yangu mzazi, na kwa mama mtu hadanganyi.

Kuna mahali mtacheka kidogo. Si sana.

Sisi kwetu ni Olenguruone, huko juu Mau kwenye baridi. Ama niseme kulikuwa kwetu. Saa hii tuko kwa plot ndogo upande wa Njoro.

Baba alikuwa fundi wa mawe. Alijenga nyumba za watu na matangi, lakini jina lake lilijulikana kwa makaburi. Ukifiwa pande zile, wewe ulimtafuta yeye aje aweke simiti.

Na alikuwa na sheria moja, hata ungekuja na mchungaji wako kumbembeleza. Simiti haiwekwi juu ya kaburi jipya. Unangoja mvua ndefu ipite, udongo ushuke, utulie. Ukikimbilia, itapasuka.

Wengi wenu mnaijua hiyo. Hata leo watu hungoja.

Baba mwenyewe akaugua, akafa. Tulimzika kwa shamba, chini kidogo ya nyumba, karibu na ua wa miti ya kayaba. Tukaweka msalaba wa mbao. Mama akanunua simiti, akaipanga kwa store, akaanza kungoja udongo utulie vile mzee alikuwa anafundisha.

Udongo haukupata nafasi. Vita vya makabila vikaja kwanza.

Sitaeleza nani alifanya nini. Uzi ukianza hivyo utaishia kwa matusi na mods wataufunga. Itoshe kusema tulitoka mchana peupe na nguo za mwilini, mama akiwa na blanketi na sufuria moja, na hatukurudi tena.

Mama akauza mboga Nakuru, akatusomesha na hizo mboga. Dada yangu Njeri sasa ni nurse huko Gulf. Mimi niko na duka la spare za pikipiki. Mama hakuwahi kutuomba kitu. Ukimletea kiatu anakuuliza kile cha zamani kilikukosea nini.

Halafu daktari akasema moyo wake umechoka.

Hapo ndipo akaomba. Kitu kimoja tu.

"Nataka kuona kaburi ya baba yenu. Hiyo simiti iwekwe nikiwa hai."

Wakuu, Nakuru na Olenguruone si mbali. Unatoka asubuhi na chai ya saa nne unakunywa huko. Watu wanaenda kununua viazi kila siku na wanarudi salama. Hakuna mtu alitufungia barabara. Lakini mimi na Njeri tuliogopa. Tuliogopa kile ataona, tuliogopa huo moyo wake, na niseme tu, hata sisi wenyewe roho zilikuwa mkononi.

Tukamwambia tutaenda. Tukawa tunamwambia hivyo kila akiuliza.

Ndio Njeri akaja likizo na wazo. Tumpeleke Misri. Mama amesikia habari za Misri kanisani tangu akiwa msichana. Akiona piramidi, akipanda meli kwa mto Nile, roho yake itatulia na hii mambo ya kaburi ataisahau.

Tulijiona wajanja sana.

Basi tukaenda. Mama alibeba majani ya chai kwa handbag kwa sababu hakuamini Waarabu wanajua chai. Alivaa sweta kwa ndege, akashuka nayo Cairo kwa lile joto, akakataa kuitoa. Alisema hajui kama jioni kutakuwa na baridi. Mtu wa Mau ni mtu wa Mau.

Kwa piramidi alisimama muda mrefu. Nikadhani anaomba. Kumbe anakagua kazi.

"Hapa katikati ya mawe kuna simiti?"

Nikamuuliza guide, mtu wa makamo, mpole. Akasema kuna chokaa kidogo, mengi yamekaa kwa uzito wake tu.

"Baba yenu angelala hapa akiangalia," mama akasema.

Njeri akaniangalia. Dawa yetu ilikuwa imeanza kugeuka sumu, na tulikuwa ndio tumefika.

Tukashuka Luxor, tukapanda cruise. Kusema haki ilikuwa nzuri. Mama alikaa deck ya juu na shuka mabegani akiangalia mashamba ya kando ya mto, miwa, punda, watu wakimwagilia. "Hawa hawana mvua na wanavuna," akasema. "Sisi Mungu alitumwagia mvua, tukafukuzana mashambani."



Halafu tukapelekwa ng'ambo ya mto kuona makaburi. Ya wafalme aliyapita tu, akasema ni ya wakubwa, hata kwetu wakubwa hawakosi mahali. Guide akatupeleka kwa lingine dogo. Unainama, unashuka ngazi, unapata chumba cha rangi mpaka kwa dari. Rangi mbichi kama imepakwa wiki jana. Kwa ukuta kuna mwanamume na mwanamke wamekaa pamoja, mkono wa mwanamke uko begani mwa mwanamume.

"Muulize guide, huyu alikuwa mfalme gani."

Nikauliza. "Anasema si mfalme, mama. Alikuwa fundi. Alikuwa anajenga makaburi ya wafalme."

Akanyoosha kidole kwa yule mwanamke.

"Na huyu?"

"Bibi yake. Walizikwa pamoja."

Wakuu, mama aliketi chini pale pale kwa ngazi. Wazungu walikuwa wanangoja kupita nyuma yetu. Hakulia. Alikuwa anasema tu, polepole, "Fundi. Fundi tu."

Tuliporudi kwa meli hakutaka chakula. Meli ikaanza kwenda, na yeye akatuita wote wawili.

"Mmenibeba na ndege mpaka huku," akasema. "Mmenivusha jangwa. Kwa baba yenu ni mbali kushinda hapa?"

Njeri akaanza mambo ya pressure, dawa, barabara mbaya. Mama akamkata.

"Njeri. Mimi nilikuwa nangoja udongo utulie. Nyinyi mnangoja nini?"

Siku zilizobaki kwa ule mto sizikumbuki vizuri. Kuna picha mama amesimama mbele ya nguzo kubwa kubwa. Uso wake kwa hizo picha siwezi kuuangalia.

Tuliporudi hatukungoja tena. Nikaongea na mchungaji mmoja wa huko Olenguruone, naye akaongea na mzee aliye kwa shamba letu sasa. Mzee akasema tuje. Tukabeba sukari, unga na majani ya chai, maana huwezi kuingia kwa boma ya mtu mikono mitupu. Yaani tulienda kama wageni pale nilipozaliwa, na mfuko wa sukari mkononi.

Nyumba yetu haikuwepo. Kulikuwa na nyingine, ya mabati mapya. Ua wa kayaba ulikuwa umeng'olewa.

Mzee alitusalimia vizuri. Sitamsema vibaya. Alivua kofia kumsalimia mama.

"Nyinyi ndio watu wa fundi?"

"Ndio sisi, mzee."

Mama akauliza kaburi iko wapi. Mzee akashuka na sisi mpaka kwa viazi. Viazi vilikuwa vimetoa maua, shamba lote jeupe. Akanyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha upande mwingine.

"Mathe, sitakudanganya. Msalaba ilioza. Vijana wakalima na trekta. Ilikuwa hapa ama pale chini kidogo. Sijui."

Mama akaingia katikati ya mistari. Akatembea, akasimama, akarudi, akasimama tena. Bila ule ua hakuwa na kitu cha kupimia. Mimi pia nilijaribu, na nilisaidia kulichimba lile kaburi. Sikulipata. Udongo ulikuwa umetulia kabisa, wakuu. Umelala sawa kama meza.

Wakati wa kurudi juu tukapita mahali ng'ombe wanakunywa maji, pamejengwa vizuri na mawe na simiti. Mama ni bibi ya fundi, akasimama kupashika.

Mzee akaona aseme. Nafikiri alidhani ni neno zuri.

"Tulipata mifuko ya simiti kwa store yenu. Tukaona itaganda bure."

Nilitaka kusema kitu kibaya. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Mama akanishika mkono.

"Basi haikuharibika," akamwambia mzee. "Asante."

Tukakunywa chai yao. Tungefanya nini? Yaliyomwagika hayazoleki. Tukaaga, tukaingia kwa gari, na mama hakugeuka kuangalia nyuma.

Tulikuwa tumekaribia Molo ndio akaongea.

"Mimi nikifa, msingoje udongo utulie. Wekeni simiti siku hiyo hiyo."

Alituacha kabla ya mvua ndefu iliyofuata. Alienda usingizini, kwa kitanda chake.

Tulimzika hapa kwa plot. Watu wa kanisa wakiwa bado wanakula, fundi akaanza kuchanganya simiti. Wazee wakanivuta kando. Wakaniambia mtoto wa fundi mzima anajua hiyo si kazi, itapasuka, nitaaibisha jina la mzee. Nikawaambia najua. Nikamwambia fundi aendelee.

Mvua ilinyesha na udongo ukashuka, na simiti imepasuka katikati kutoka kichwani mpaka miguuni. Baba alisema ukweli.

Sijaitengeneza. Ukisimama barabarani unaiona, na jina lake liko juu.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo. Mzazi akikuomba kitu kimoja, mpe hicho hicho. Usimpe kingine kikubwa zaidi ndio wewe usiende mahali unaogopa. Sisi tulimwonyesha mama makaburi ya watu wote wa Misri isipokuwa lile moja alilotaka.

Kuna mwenye mtu wake amebaki kwa shamba ambalo si lenu tena? Mlirudi? Mlipata nini? Nawasoma wote. Na kama wewe ni fundi na unataka kuniambia vile ufa unazibwa, ahsante, lakini huo uache.