Mwasiti wa Hapana

Mwasiti alifukuzwa kwenye duka la vitenge siku mteja alipojitanda kitenge cha njano, akazunguka mbele ya kioo, akauliza, "Kinanipendeza?"

"Hapana," Mwasiti akamjibu kwa huruma.

Akapata kazi ya kupokea wageni katika biro moja, ofisi ya serikali. Mkubwa akamwagiza awaambie wageni wote warudi kesho. Yeye akawaambia, "Musirudi. Hata kesho hatawasaidia." Jioni ile yeye ndiye aliyeambiwa asirudi.

"Mwanangu," mama yake, Bi Asiya, akalalamika, "sisi watu wa Rumonge hatusemi hapana. Tunasema inshallah."

Mwasiti aliumia. Akawa anajizoeza peke yake jikoni, anaziambia sufuria inshallah mpaka taya zinachoka. Lakini mtu akimuuliza swali, ulimi unarudia njia yake.

Siku moja jirani yao Fahima, fundi cherehani, akaingia mbio na kujificha nyuma ya pipa la maji. Mashangazi zake kutoka Muhuta walikuwa wanamfuata, wanataka awapikie harusi nyingine. Muda si muda wakabisha hodi.

"Amahoro, Mwasiti. Fahima iko hapa?"

"Iko, nyuma ya pipa. Amewapikia harusi zote za mwaka huu, amechoka, na anaona haya kuwaambia. Jibu lake ni hapana."

Mashangazi wakatazamana. Mkubwa wao akakohoa. "Kumbe hataki? Mbona alituambia inshallah?" Wakaenda zao, wala mbingu haikuanguka. Ila mdogo wao alibaki nyuma, akanong'ona, "Dada, kesho pita kwangu. Shemeji alikuja kutusalimia tangu Ramadhani, bado anatusalimia."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Watu wakaja mpaka kutoka Kabezi: wenye wachumba wasiowataka, wenye wageni wasioondoka, hata mwalimu wa kwaya aliyeshindwa kumnyamazisha mke wa mchungaji. Mwasiti alikuwa anavaa vizuri, anakaa, anakunywa chai aliyokaribishwa, kisha anasema neno lake moja bila hasira. Kwa mara ya kwanza maishani, watu walikuwa wanamwambia murakoze, asante sana.

Halafu Melkiades akamwita. Huyu alikuwa tajiri wa mawese, na wafanyabiashara wenzake walikuwa njiani kumwomba awe rais wa chama chao.

"Nikatalie," akasema, huku amevaa suti mpya.

Wajumbe walipofika, Mwasiti akasimama. "Mzee Melkiades anawashukuru. Hapana."

"Tumeelewa," wakasema, tena upesi kidogo. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamemsimika Seth, muuza ndagala, dagaa wa ziwani.

Melkiades nusura apasuke. "Nilitaka ukatae ili wanibembeleze! Mtu wa heshima anakatalia mlangoni, anakubalia sebuleni!"

"Hiyo siyo kukataa, mzee," Mwasiti akasema kwa upole. "Hiyo ni posa, na mimi sifanyi posa."

Bi Asiya alipopata habari alijifunika khanga usoni, akijua sasa binti yake amekwisha. Kumbe soko zima lilikuwa limeona kwamba hapana ya Mwasiti haina mlango wa nyuma. Wiki ile baraza lao lilijaa viatu vya wageni mpaka Bi Asiya akakosa pa kupita.

Akachungulia, akaita, "Mwasiti! Kuna mtu anataka nimuuzie jogoo wangu. Njoo kidogo."