Taa wa Mchangani na Miguu ya Laare

Sisi wa Laare, huku milimani bara, tunatembea kwa kukanyaga. Njia zetu ni miteremko ya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha, usipoinua mguu na kukikita kisigino, utajikuta bondeni umekalia matope. Hivyo ndivyo nilivyoingia baharini kule pwani, nilipokwenda kuwachunguza samaki waitwao taa kwa ajili ya masomo yangu. Nikamkanyaga mmoja.

Taa ni samaki bapa kama chapati. Hujifukia mchangani kwenye maji ya kina kifupi, akiacha macho tu na matundu mawili nyuma ya macho, ya kuvutia maji ya kupumulia, kwa kuwa mdomo uko upande wa tumbo. Kwa mdomo huo huvunja chaza na kaa. Hatagi mayai, huzaa watoto walio hai. Mkiani ana mwiba wa sumu, na huo ndio uliozama kwenye kifundo changu. Wavuvi walinitumbukiza mguu katika maji ya moto ili kuituliza sumu, huku wakinicheka kwamba watu wa bara hutembea baharini kana kwamba wanaua siafu. Kumbe pale miguu huburutwa, taa ausikie mtikisiko aondoke mapema.

Nilirudi nyumbani nikichechemea. Mama, ambaye hali samaki na kwake wote ni nyoka, alitangaza kwamba masomo hayo yamekwisha. Kule Kaaga, huku huku bara, alisema, kuna shule tele zinazotafuta walimu. Nilikuwa nimebakisha msimu mmoja tu wa kuwachunguza taa. Mimi ni mkaidi, sikatai. Niliapa kimoyomoyo kwamba nitarudi hata kwa mkongojo, ila sikutaka kuondoka bila ridhaa yake. Kila asubuhi nilijizoeza kuburuta miguu uani katikati ya kuku, naye akinitazama na kusonya.

Siku moja aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea nduma, akaniuliza kwa Kimeru kama huyo mnyama huwafukuza watu. Nikamwambia hapana, ni mwoga, akikusikia anakimbia.

"Na siku ile alikuwa akifanya nini?"

"Alikuwa amejilalia mchangani."

Aliutazama mguu wangu. Nilimwogopa kuliko nilivyouogopa mwiba.

"Kwa hivyo ulimkanyaga kwake, amelala," alisema. "Basi nenda. Lakini safari hii uingie kama mgeni."