Ng'ombe wa Mama Salome na Wingu la Elektroni

Iko siku moja ya likizo, nyumbani Mungaa, ambayo nikiikumbuka hata sasa masikio yanapata moto. Mwanangu, usicheke nikikuita hivyo. Kweli sijaota ndevu, lakini kwa mtoto wa kidato cha kwanza, mtu wa kidato cha nne ni mzee wa kutosha.

Ilikuwa zamu yangu kuchunga ng'ombe wa nyumba kumi. Nikakaa kivulini kuwachekesha wenzangu. Tuliporudi jioni, ng'ombe wa Mama Salome hayumo. Yule ambaye maziwa yake yalimlea mjukuu wa bibi huyo, mtoto asiye na mama.

Mzee Njiku, balozi wetu wa nyumba kumi, akauliza, "Yuko wapi?"

"Shikamoo, mzee. Ng'ombe ni kama elektroni ndani ya atomi," nikajibu kwa madaha. "Zamani walidhani inazunguka kiini kwa njia moja. Siku hizi tunafundishwa imetanda kama wingu. Huwezi kusema iko hapa. Unasema tu pale inapoelekea kuwapo."

Vijana wakaangua kicheko. Mzee hakucheka.

"Hilo wingu limetanda sawasawa kila mahali?"

"Hapana, mzee. Pengine zito, pengine jepesi, pengine hamna kitu."

"Kumbe unajua pa kuanzia, na bado umesimama hapa! Ng'ombe anayenyonyesha hutamani chumvi. Twende mbugani, kwenye udongo wa magadi."

Tulimkuta amezama kwenye tope la magadi, mguu umevunjika. Ikabidi achinjwe palepale.

Mama Salome hakunigombeza. Alinitumia kipande cha nyama, maana kwetu mchungaji hakosi fungu lake. Ulimi wangu huu, unaosema sana, ulishindwa kukimeza. Asubuhi nikaenda kumwomba radhi. Yule mjukuu alikuwa mgongoni kwake, akilia njaa. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Nyama ilikufikia, baba?"

Mwanangu, heri angenichapa.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Mwalimu atakufundisha kwamba mahali hasa ilipo elektroni hapajulikani, na ni kweli. Ila usilifanye neno hilo mto wa kulalia. Kutojua yote si kutojua kitu. Wingu nalo lina umbo lake. Ukipoteza cha mtu, anza kutafuta pale penye uzito, na kichekesho kiache kwanza.

Mungu akukuze, akupe ulimi mfupi na miguu myepesi.