Godoro lililorudi bila bibi: tulivyoanzisha gazeti la ukutani Heru Juu

Wakuu, mwidiwe!

Kwetu salamu hiyo huenda na makofi ya taratibu, kwa hiyo hesabuni mmepigiwa.

Ninayosimulia nilikuwepo mwenyewe. Nimebadili majina tu, maana wahusika bado tunasalimiana.

Mimi ni mzaliwa wa Kitahana, Kibondo. Nilipomaliza form four nikashika njia: Tabora, Mpanda, Mwanza, nikarudi, nikaondoka tena. Miguu yangu haijawahi kutulia. Katika kuzunguka huko niliwahi kufanya kazi kwenye kigazeti cha mkoani, kwanza kusambaza, baadaye kutuma habari fupi za minada na mechi. Kigazeti kikafa, lakini ile harufu ya wino asubuhi bado naikumbuka kuliko harufu ya nyumba nyingi nilizopanga.

Mwaka jana nilifikia kwa mpwa wangu Neema, mwalimu wa sekondari ya kutwa pale Heru Juu, Kasulu. Siku ya tatu tu akanichoka.

"Mjomba, badala ya kunimalizia chai, njoo uwafundishe wanangu habari. Kila kinachoingia kwenye simu wanaamini."

Nikaenda. Tukakubaliana tutengeneze gazeti la ukutani, kwa manila na marker. Jina walichagua wenyewe: TUMEULIZA.

Sheria ilikuwa moja. Habari haibandikwi mpaka mwandishi aseme nani aliona, na kama alikwenda kumuuliza.

Wakuu, watoto wale walinifurahisha. Walichunguza nani anakula mihogo ya shamba la shule, wakakuta ni mbuzi wa mwalimu wa nidhamu. Mwenyewe alicheka, akaomba tu picha ya mbuzi isichorwe.

Mwandiko mzuri kuliko wote ulikuwa wa Esta. Binti mpole, amelelewa na bibi yake tangu akiwa mchanga. Wakati huo bibi alikuwa amelazwa hospitali, Kabanga, na shangazi yake Esta ndiye alikuwa anamuuguza.

Siku ya kubandika toleo la kwanza, mhariri wetu Gervas alinivuta nje ya darasa.

"Mjomba, habari ya ukurasa wa mbele imepatikana. Ila ni mbaya. Bibi yake Esta amefariki."

"Nani kasema?"

"Grupu zima la kijiji. Watu wanatuma pole toka alfajiri."

"Grupu halina macho, Gervas. Nani kamwona bibi?"

Kupitia dirishani nilimwona Esta anapiga mistari kwa rula, ulimi umetoka kidogo pembeni. Hakuwa na simu. Hakujua chochote.

Kabla sijaamua la kufanya, jirani yao, Mama Joshua, akaingia getini amejifunga khanga kiunoni. Hakusalimia mtu. Alifika mlangoni akasema, "Esta, chukua begi twende nyumbani."

Yule binti aliiangalia ile khanga. Rula ikamdondoka.

Nikamwuliza Mama Joshua pembeni, taratibu, habari kaipata kwa nani. Alinikata jicho!

"Wewe ni wa wapi usiyejua kumstahi mfiwa?"

"Wa Kitahana, dada."

"Basi Kitahana wamekutupa."

Hapa niwaeleze wasio wa huku. Mgonjwa wetu huenda hospitali na godoro lake, mkeka na sufuria, na mtu wa kumuuguza. Ukiona muuguzaji amerudi na godoro limekunjwa juu ya bodaboda, mgonjwa hayupo, basi. Humwulizi. Kumwuliza ni kumchoma. Unajifunga khanga unakwenda kulia naye. Ni adabu, na mimi nimekua nayo, naipenda.

Esta alikuwa analia bila sauti. Akajifuta kwa mkono wa sweta.

"Mama Joshua, wewe umemwona bibi?"

"Mwanangu, nimeona godoro."

"Shangazi alikuambia nini?"

"Hakusema kitu. Aliliweka ndani, akapanda pikipiki ileile akaondoka. Nani angemwuliza?"

"Basi twendeni tukamwulize," Esta akasema, akaokota rula.

Simu ya shangazi haikupatikana. Neema akaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, tukachukua boda mbili kwenda Kabanga. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo, maana kama ni kweli, nilikuwa nimemfundisha mtoto kutumaini bure.

Bibi alikuwa ameketi kitandani, ameshika kikombe kwa mikono miwili.

Amekonda, lakini ni yeye.

Alikuwa amehamishiwa kitanda kingine chenye godoro nene, lao likakosa pa kukaa. Shangazi akalirudisha nyumbani mara moja. Hilo tu.

Esta alipiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya bibi. Bibi akauliza, "Nani kakupa ruhusa ya kutoka shule?" Alipoambiwa kwamba nyumbani watu wameshakaa msiba, akasema, "Wamepika? Basi wale washibe, siku yangu wasinidai tena."

Nilitoka nje kidogo. Vumbi la njiani lilikuwa limeniingia machoni, mkitaka kuamini.

Habari ya ukurasa wa mbele aliiandika Esta mwenyewe. "Bibi yangu yuko hai. Nimemwona akinywa uji." Shule nzima ilijazana ukutani, hata Mama Joshua alikuja kusomewa.

Majuma kadhaa baadaye bibi akarudi nyumbani. Tukampelekea ile manila, Esta akamsomea. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Pazuri. Ila pa uji umekosea."

"Nilikuona, bibi."

"Uliona kikombe. Yalikuwa maji ya moto. Uji ulikuwa umenishinda, nikaona unavyoniangalia, nikajifanya nakunywa uji ili ukalale usingizi."

Esta aliisoma tena sentensi ile ya uji. Kisha akaomba marker. Toleo la pili lilianza hivi:

"MASAHIHISHO. Tuliandika kuwa bibi alikuwa anakunywa uji. Si kweli. Alikuwa anakunywa maji ili mjukuu wake asiogope. Mwandishi hakumuuliza."

Wakuu, nimesoma magazeti mengi katika miji mingi. Sijawahi kusoma masahihisho kama yale.

Nilichojifunza: kuuliza si kukosa adabu. Unaweza kumwuliza mtu kwa upole uleule ambao ungemlilia nao.

Kama kwenu nako mliwahi kumlilia aliye hai kwa sababu ya heshima tu, tuwekeeni hapa chini. Nitasoma zote, mtandao wa huku Kitahana ukikubali.