Springi ya Shemeji Khalfan

Bunduki fupi ya kilabu chetu cha shabaha, hapa mtaani Mabela, ilinipiga teke begani mpaka kula wali kwa mkono wa kulia kukanishinda. Mimi, msomi wa fizikia, nikamwagiza fundi wake, shemeji yangu Khalfan, aitie springi ngumu na bafa zito la kupokea kishindo.

Ijumaa iliyofuata, kwa woga, nikachomeka chini ya kanzu sponji la bega la blauzi ya mke wangu. Nikapiga risasi kumi, raha mustarehe! Nikawahutubia wenzangu: “Mmeona elimu? Springi na bafa tu, teke limekwisha!”

Khalfan akatia mkono mfukoni. “Shemeji, springi hii hapa. Sijaitia bado.”

Hapo sponji likateleza mkononi mwa kanzu, likaanguka chini. Akaliokota, akaligeuza.

“Na bafa hili,” akauliza, “si la dada yangu?”